Bia ya Nje Iliyopunguzwa Bei na Ile Inayotengenezwa kwa Leseni: Ipi Inafaa Kununuliwa?

Si jambo geni siku hizi kukuta bia yenye jina moja imepangwa sehemu mbili katika duka lile lile: upande mmoja ni ile iliyotoka kiwandani kwake ng'ambo, ikiwa imebandikwa karatasi ya punguzo la bei, na upande wa pili ni ile iliyotengenezwa ndani ya nchi na kiwanda kilichopewa leseni na mwenye jina. Kwa kawaida ya kutoka nje ndiyo ghali, kwa hiyo punguzo linapoishusha hadi ikalingana na ya ndani, mnunuzi huona ameokota embe dodo chini ya mwarobaini. Nimezinywa za aina zote mbili kwa muda mrefu, mara nyingi zikiwa sambamba katika glasi mbili, na msimamo wangu ni huu: kwa laga nyepesi ya rangi ya dhahabu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya bia inayouzwa duniani, chupa changa ya leseni humshinda ndugu yake aliyesafiri na kuzeeka, na punguzo la bei huwa na maana tu pale bia yenyewe inapokuwa ya namna inayostahimili umri.

Nianze na kilichomo ndani ya glasi, kwa kuwa ndicho kinacholipiwa. Hivi karibuni nilifungua chupa mbili za pilsna moja maarufu ya Ulaya (pilsna ni laga ya dhahabu yenye uchungu ulio wazi), moja ya asili iliyopunguzwa bei na nyingine ya leseni, zote zikiwa zimekaa katika jokofu moja usiku kucha. Ile ya asili ilikuwa katika chupa ya kijani, na tarehe ya mwisho wa matumizi, iliyochapwa shingoni kwa herufi ndogo nyeusi, ilionyesha kuwa imebakiza wiki chache. Rangi yake ilikuwa imekolea kuelekea kahawia, povu lilipanda vizuri kisha likazama upesi na kuacha ukingo mwembamba tu, na pua ilipokaribia glasi ilikutana na harufu ya asali na, nyuma yake, harufu ya karatasi iliyolowa. Uchungu ulikuwapo bado, lakini ulikuwa umeachana na utamu wa kimea. Ulikuja mwishoni peke yake, mkavu, ukang'ang'ania nyuma ya ulimi. Ile ya leseni, iliyokuwa haijamaliza hata miezi miwili tangu kufungwa, ilikuwa nyepesi kidogo mdomoni, na hilo ni lazima nilitaje, lakini povu lake lilisimama na kuacha mistari kwenye glasi kila baada ya funda, harufu ya majani mabichi ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu yake, ilisikika tangu mwanzo, na uchungu ulifuatana na kimea hadi mwisho bila kuacha ukakasi. Mtu aliyepewa glasi hizo bila kuonyeshwa chupa angeapa kwamba ya pili ndiyo iliyotoka kwa wenyewe.

Tofauti hiyo haitokani na kiwanda kimoja kuwa na mafundi bora kuliko kingine. Laga huanza kuzeeka siku ile ile inapofungwa kizibo. Kiwanda makini hujitahidi oksijeni inayobaki ndani ya chupa isizidi sehemu 50 katika bilioni, lakini hata kiasi hicho kinatosha kuanza kuiharibu, na kizibo chenyewe hupitisha hewa kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita. Kemikali inayohusishwa zaidi na ile ladha ya karatasi ni nonenali, ambayo ulimi wa binadamu unaweza kuitambua hata ikiwa kiasi cha sehemu moja tu katika bilioni kumi. Wakati hiyo inajitokeza, harufu ya hopsi, ambayo kwa pilsna ndiyo roho yake, inafifia. Bia ya namna hii haimdhuru mnywaji, wala haijaharibika kwa maana ya maziwa yaliyoganda. Imepoteza tu kile ambacho watu waliipendea.

Joto ndilo linaloharakisha mambo haya yote. Watu wa viwandani wana kanuni ya kukadiria ambayo kila mnunuzi wa bia ya kutoka nje angefaa kuifahamu: uzee unaoipata bia kwa siku 300 katika nyuzi joto 3 za selsiasi huipata kwa siku 30 katika nyuzi 22, na kwa siku 3 tu katika nyuzi 32. Sasa fikiria safari ya kontena la chuma lisilo na ubaridi, likiwa sitahani kwa wiki kadhaa, likavuka maji ya tropiki, likakaa bandarini kusubiri taratibu za forodha, kisha likapakuliwa katika ghala la mwagizaji ambalo huenda halina hata feni. Tarehe iliyochapwa shingoni hutolewa kiwandani kwa kudhani kwamba bia itatunzwa vyema. Hiyo tarehe huhesabu miezi, haihesabu joto. Ndiyo maana chupa mbili zenye tarehe moja, moja iliyosafiri na nyingine iliyobaki kwao, zinaweza kutofautiana kana kwamba hazikutoka katika pipa moja.

Kuna adui wa pili ambaye ni rahisi kumwona, nao ni mwanga. Mwanga wa jua na wa taa, hasa ule wa mawimbi ya kati ya nanomita 350 na 500, hugonga vitamini B2 iliyomo ndani ya bia, vitamini hiyo ikauvunja uchungu wa hopsi, na kinachozaliwa ni kemikali yenye salfa inayonuka kama kicheche, na pua huinasa ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Juani kazi hiyo humalizika kwa dakika chache. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo sana, nyeupe haizuii chochote, na kopo huzuia wote. Viwanda vingi vya Ulaya vimeshikilia chupa ya kijani kwa sababu ya sura na mazoea ya soko, na bia zao ndizo zinazosafiri mbali kuliko zote na kupangwa chini ya taa kali za madukani. Binafsi sinunui tena chupa ya kijani iliyowekwa kwenye rafu ya mbele, hata kama punguzo ni la nusu bei; nikikuta kopo la bia ile ile, au chupa zilizo bado ndani ya boksi lililofungwa, hapo naanza kusoma tarehe.

Na tarehe ina namna yake ya kusomwa. Laga nyingi hupewa maisha ya kati ya miezi 9 na 12, kwa hiyo ikiwa lebo inatoa tarehe ya mwisho tu, mnunuzi arudi nyuma kwa hesabu: iliyobakiza miezi miwili kati ya kumi na miwili ina umri wa miezi kumi. Baadhi ya viwanda huchapa siku ya kufungwa kwa namba ya siku ya mwaka, ambapo 032 ni tarehe 1 Februari na 365 ni mwisho wa Desemba katika mwaka mfupi. Punguzo la bei kwenye bia ya nje mara nyingi halina siri yoyote: mwagizaji ameleta nyingi kuliko uwezo wa soko, tarehe inamkaribia, na kwake ni afadhali auze kwa hasara ndogo kuliko kumwaga. Sababu nyingine ni njema zaidi, kama vile boksi lililotengenezwa kwa ajili ya sikukuu iliyokwisha kupita, lebo iliyobadilishwa sura, au msambazaji mpya anayetaka jina lake lifahamike. Muuzaji mwaminifu akiulizwa kwa nini ameshusha bei huwa anajibu bila kusita, na jibu lake linafaa kupewa uzito kuliko ukubwa wa asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi.

Upande wa leseni nao unastahili kuchunguzwa kwa haki, kwa sababu dhana kwamba bia ya leseni ni nakala duni imetapakaa kupita kiasi. Mwenye jina hatoi jina tu. Kwa kawaida hutoa hamira, vipimo vya kimea na hopsi, ratiba ya kuchachua na joto lake, na huagiza chupa za sampuli zirudishwe kwake mara kwa mara zipimwe na kuonjwa. Heineken, kwa mfano, husambaza kutoka Uholanzi hamira yake iliyotengwa mwaka 1886 kwa viwanda vinavyotengeneza bia hiyo sehemu mbalimbali za dunia, na jambo hili liliwezekana kwa sababu sayansi ya kukuza hamira safi kutokana na seli moja, aliyoifanikisha Emil Christian Hansen katika maabara ya Carlsberg mwaka 1883, iliondoa ubahatishaji uliokuwepo kabla yake. Carlsberg yenyewe ilifungua kiwanda chake cha kwanza nje ya Denmark nchini Malawi mwaka 1968. Maji, ambayo zamani ndiyo yaliyoufanya mji mmoja utoe bia ambayo mwingine hauwezi kuiga, leo huchujwa hadi yakabaki matupu na kisha huongezewa madini kwa kipimo kinachotakiwa. Guinness ilipata njia yake ya pekee: kiini kizito cheusi hutengenezwa Dublin, kikapelekwa katika viwanda vya nchi mbalimbali na kuchanganywa na bia iliyopikwa huko, ili ule uchungu wa shayiri iliyokaangwa usipotee hata mapishi mengine yakibadilika.

Hata hivyo leseni si hakikisho la kufanana, na hapa ndipo ninapomtaka mnunuzi asome lebo ya nyuma kabla ya kulinganisha bei. Jambo la kwanza la kutazama ni kiwango cha kilevi. Kwa miongo kadhaa Heineken iliyouzwa Uingereza ilikuwa ikitengenezwa huko huko na kampuni ya Whitbread ikiwa na kilevi cha asilimia 3.4, wakati ile ya Uholanzi ilikuwa na asilimia 5; mwaka 2003 kampuni iliiondoa hiyo nyepesi na kuanza kuuza ile ya asilimia 5 iliyoletwa kutoka Uholanzi. Wote walionunua kabla ya hapo walikuwa wakinywa bia nyingine chini ya nyota nyekundu ile ile. Pale ambapo ushuru hupanda kadiri kilevi kinavyoongezeka, kiwanda cha leseni hupata kishawishi cha kupunguza, na tofauti ya asilimia moja hubadilisha uzito wa bia mdomoni na si nguvu yake tu.

Jambo la pili ni nafaka. Kimea cha shayiri ni ghali, na mahindi, mchele au mtama hutumika kupunguza gharama au kufuata sheria za nchi. Nigeria ilipozuia uagizaji wa shayiri katika miaka ya 1980, viwanda vilijifunza kutumia mtama na mahindi, na Guinness ya Nigeria yenye asilimia 7.5 ikapata mwili na utamu wake mwenyewe ambao wapenzi wake hawataki kuubadilisha na wa Dublin. Naitaja kwa heshima, kwa kuwa ni mfano wa bia iliyokua nje ya kwao ikawa bia kamili kwa haki yake, kiasi kwamba katika maduka ya Uingereza ni Guinness ya Nigeria inayoagizwa kutoka nje na kuuzwa kwa wale wanaoitafuta. Anayeinunua akitarajia ladha ya Dublin atasikitika bure, na anayeinunua kwa jinsi ilivyo atapata stauti, yaani bia nyeusi, nzito ya kupendeza.

La tatu ni ukweli wa lebo, na kwa hili nina msimamo mkali. Kuuza bia ya ndani kwa bei ya ya nje, huku sura ya chupa ikimwacha mnunuzi aamini kuwa imevuka bahari, ni kumnyima haki yake. Beck's ya Ujerumani ilianza kutengenezwa St. Louis, Marekani, mwaka 2012 kwa ajili ya soko la huko, na boksi lake likaendelea kujinadi kwa ubora wa Kijerumani. Wanunuzi walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 kampuni ya Anheuser-Busch, iliyokuwa ikiitengeneza huko, ikakubali suluhu iliyowarudishia hadi dola 50 wale waliokuwa na risiti. Red Stripe ya Jamaika nayo ilitengenezwa Marekani kuanzia mwaka 2012 kabla ya kurudishwa Jamaika mwaka 2016. Na neno la kutoka nje lenyewe linahitaji kuchunguzwa, kwa maana halisemi ni nje ipi: Sapporo iliyouzwa Marekani kwa miaka mingi iliagizwa kweli kutoka nje, lakini ilitoka Kanada, katika kiwanda cha Sleeman ambacho Sapporo ilikinunua mwaka 2006, wala haikutoka Japani. Kwa hiyo kabla ya kulipa ziada kwa ajili ya asili, au kushangilia punguzo juu ya asili, mstari unaosema imetengenezwa wapi na nani ndio wa kutafutwa. Mara nyingi uko pembeni mwa lebo, kwa herufi ndogo kuliko zote, na wakati mwingine chupa hulazimika kuinuliwa kwenye mwanga ndipo usomeke.

Zipo bia ambazo mjadala huu hauzigusi kwa sababu hazina ndugu wa leseni. Budweiser Budvar hutengenezwa České Budějovice, mji wa Jamhuri ya Cheki, peke yake. Pilsner Urquell, ambayo imepikwa Plzeň, mji mwingine wa nchi hiyo, tangu mwaka 1842, iliwahi kutengenezwa Tychy nchini Poland na Kaluga nchini Urusi, lakini mpango huo uliachwa na yote sasa hutoka Plzeň. Kwa hizi mnunuzi hana hiari, ila hiari ya chombo na ya tarehe, na ushauri wangu ni kopo kwanza, changa kadiri inavyopatikana, na kama duka linazitunza katika jokofu basi alipe bei kamili bila kinyongo, kwa kuwa ubaridi huo ndio sehemu ya bidhaa anayoinunua.

Sasa nifike pale ambapo punguzo la bia ya nje ni neema ya kweli. Bia nzito, nyeusi au zenye kilevi kingi huzeeka kwa utaratibu mwingine, na baadhi huzidi kupendeza. Bia za watawa wa Trappist wa Ubelgiji hufungwa zikiwa na hamira hai ndani ya chupa, na hamira hiyo huendelea kula oksijeni ambayo ingeiharibu laga. Chimay Bleue yenye asilimia 9 na Rochefort 10 yenye asilimia 11.3 zikikaa miaka miwili au mitatu mahali penye giza na ubaridi hupata ladha ya zabibu kavu na tende, na makali ya kilevi hulainika. Orval huchapa kwenye lebo tarehe ya kufungwa na tarehe ya mwisho iliyo miaka mitano mbele. Duka linaposhusha bei ya bia kama hizi kwa kuwa tu zimekaa rafuni muda mrefu, au kwa sababu mfumo wa hesabu wa duka hutoa punguzo kwa kila bidhaa iliyobakiza miezi michache, mnunuzi anaweza kuchukua boksi zima kwa amani, ilimradi kizibo hakina kutu, ujazo shingoni haujashuka, na chupa hazikuwa zimeanikwa dirishani. Hakuna toleo la leseni linaloweza kushindana nazo, na mpenzi wa bia mwenye bajeti ndogo hana nafasi nyingine ya kuzionja kwa gharama inayobebeka.

Stauti kali za kusafirishwa ziko karibu na kundi hili, ingawa si zote. Kilevi cha asilimia 7.5 na shayiri iliyokaangwa huficha na kuchelewesha dalili za uzee, na nimekunywa chupa zilizokaribia tarehe bila kupata kasoro ya kulalamikia. Bia zenye hopsi nyingi, zile zinazonukia maganda ya machungwa na utomvu wa msonobari, ziko kinyume kabisa: ndizo zinazopoteza mapema kuliko hata pilsna, na punguzo juu yake baada ya miezi mitano ya safari na ghala ni bei ya halali ya bia iliyobaki na uchungu bila harufu. Bia za ngano zinakaa katikati, na mimi huzinunua changa tu.

Kwa atakayeamua kuchukua ya nje iliyopunguzwa, utaratibu ninaoufuata ni wa kununua moja kwanza, kuipoza, kuinywa siku hiyo hiyo pamoja na ya leseni, kisha kurudi dukani kwa boksi ikiwa imestahili. Arudipo aangalie tarehe ya boksi analopewa, kwa sababu mzigo wa punguzo mara nyingi hukusanywa kutoka shehena tofauti, na chupa ya juu ya lundo inaweza kuwa changa kwa miezi minne kuliko zilizo chini yake. Bei nayo ailinganishe kwa ujazo na si kwa chupa, maana ya nje huja kwa mililita 330 wakati ya leseni mara nyingi ni 500, na kama ya leseni iko katika chupa inayorudishwa dukani kwa dhamana, fedha ya chupa iondolewe kwanza kwenye hesabu. Nimeona mara nyingi punguzo lililoonekana kubwa likayeyuka lote katika hesabu hiyo ya mililita, na ya leseni ikabaki kuwa rahisi zaidi, na changa zaidi.